Gimbali ya Mtumba: Ulizia Betri Kabla ya Kuulizia Bei

Pasaka ya mwaka 2025 ilipokwisha nilinunua gimbali iliyotumika, yaani kishikio chenye mota kinachotuliza kamera unapotembea, kutoka kwa mpiga video mwenzangu wa hapa Dar es Salaam, na wiki hiyohiyo ikanizimikia ukumbini, kwenye sendofu, bibi harusi mtarajiwa akiwa ndiyo kwanza anaingia. Sitamtaja aliyeniuzia wala aina ya kifaa chenyewe, kwa kuwa uzembe ulikuwa wangu pia. Aliponionyesha kwamba inafanya kazi, waya wa pawabenki ulikuwa umechomekwa kwenye kishikio, naye akasema, "Dada, naipa chaji kidogo tu, hii bado mpya kabisa." Sikumwambia auchomoe.

Nilikuwa nimekagua yale ambayo kila mtu hukagua: michubuko, mota za mihimili yote mitatu, vitufe, skrini. Uzito wa kamera ambao gimbali inaweza kubeba umeandikwa kwenye boksi, kwa hiyo sitapoteza nafasi kuueleza. Nitakachokisema hapa ni betri, kwa sababu wauzaji wetu hawaisemi na wanunuzi hawaiulizi.

Mwaka ule Ramadhani na Kwaresima zilianza wiki moja, mwanzoni mwa Machi, na Pasaka ikaangukia tarehe 20 Aprili. Harusi za Waislamu na za Wakristo zilisimama kwa pamoja, na gimbali nyingi za mjini zikalala kabatini kwa wiki kadhaa. Betri ya lithiamu haipendi kulala ikiwa tupu. Hata kifaa kikiwa kimezimwa, saketi yake ya ndani huendelea kunyonya umeme kidogo kidogo, na seli ambayo hujaa kwenye volti 4.2 ikishuka mbali chini ya volti 2.5, shaba iliyomo ndani yake huweza kuanza kuyeyuka. Ukija kuichaji baadaye, ama saketi ya ulinzi itakataa kabisa, ama itakubali na kukupa dakika ishirini za kazi badala ya saa kumi na mbili. Hicho ndicho nilichouziwa, na ndiyo sababu ninashauri kwamba gimbali inayouzwa mara tu baada ya msimu wa mapumziko ikaguliwe kwa ukali kuliko inayouzwa Desemba, wakati mwenyewe anaitumia kila Jumamosi.

Namna ya kukagua ni rahisi, ingawa inahitaji subira ambayo muuzaji hatakuwa nayo. Nenda na kamera yako na lenzi unayoitumia zaidi, isawazishe kamera gimbali ikiwa imezimwa hadi ikae popote unapoiachia, kisha chomoa waya wowote uliopo, washa, na usome asilimia ya chaji. Kaa nayo nusu saa ukitembea. Betri ambayo mtengenezaji anasema hudumu saa 12 inapaswa kupungua asilimia chache tu. Ikishuka zaidi ya kumi, au ikiruka kutoka sitini hadi arobaini bila hatua za katikati, rudisha pesa zako mfukoni. Usikubali kamera isiyosawazishwa vizuri, maana mota zitafanya kazi kupita kiasi na muuzaji atapata kisingizio cha kusema kwamba kosa ni la lenzi yako.

Kwa kipimo hicho, chaguo langu la kwanza ni Zhiyun za zamani, na sioni haya kusema kwamba ninaipendelea kampuni hii. Weebill S ya mwaka 2019 hutumia seli mbili za 18650, na Crane 2S ya mwaka uliofuata hutumia tatu. Namba hiyo ni vipimo vyenyewe: kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65. Unafungua, unazitoa kwa vidole, unaweka nyingine, na gimbali iliyokuwa maiti inafufuka ukumbini hapohapo bila fundi. Nakiri kwamba Crane 2S huchosha mkono kabla keki haijakatwa, na kwamba Weebill S hutetemeka ukiibebesha lenzi inayoelemea mbele. Hata hivyo, kifaa chenye betri inayobadilishwa kinaweza kuuzwa mara tatu na mnunuzi wa tatu akapata kilekile alichopata wa kwanza.

Hapa ndipo penye malalamiko yangu makubwa. Katika maduka ya Kariakoo nimekuta seli zilizoandikwa mAh 9,900 (kipimo cha chaji ambayo seli inaweza kubeba) zikipangwa kando ya seli halisi, wakati seli nzuri za ukubwa huo kwa kawaida huishia karibu na 3,500. Nilipomwuliza kijana wa dukani, alinijibu kwamba zile za 9,900 ni "toleo jipya". Ukiwa na mzani mdogo wa jikoni, pima: seli halisi ina uzito wa gramu 45 hadi 50, na ikiwa nyepesi mno, ndani yake kuna kitu kingine. Angalia pia urefu, kwa sababu zenye saketi ya ulinzi huzidi milimita 65 na huenda zisiingie, na nunua zote kwa pamoja, za aina moja, wala usichanganye mpya na kuukuu au zilizofumuliwa kutoka kwenye betri ya laptopu.

Nafasi ya pili ninazipa DJI RS 2 na RS 3. Katika kutuliza picha zinaishinda Zhiyun yangu, hilo halina ubishi, na RS 3 ya mwaka 2022 ilileta kufuli za mihimili zinazojifunga zenyewe, jambo linalookoa mikono ya gimbali inayosafirishwa kwa bodaboda. Betri iko ndani ya kishikio, na kishikio hutoka. Tatizo ni kwamba RS 3 hutumia kishikio cha BG21 na RS 2 hutumia BG30, na nimeshasikia mtu akiambiwa kwamba "vyote ni kimoja". Hakikisha namba. Muuzaji akuruhusu pia kuiunganisha na programu kwenye simu yako kabla hujalipa. Kuhusu bei ya kishikio kipya, sababu mojawapo ya ughali ni ya kweli: tangu Aprili 2016, betri za lithiamu zinazosafirishwa peke yake haziruhusiwi kama mizigo kwenye ndege za abiria. Lakini kanuni hiyo haielezi kwa nini duka moja hukutajia bei moja kwenye simu na nyingine ukifika, wala kwa nini boksi la gimbali hufumuliwa ili sahani ya kamera, kile kibao cha kufungia kamera, iuzwe kivyake.

Za mwisho ni zile ambazo betri imefungiwa ndani moja kwa moja, kama RS 3 Mini na, kwa masikitiko yangu, Crane M3 ya Zhiyun wenyewe. Ni nyepesi na nzuri zikiwa mpya. Zikiwa za mtumba, unanunua umri wa betri ya mtu mwingine, kwa hiyo hata ukiombwa kubadilishana na kuongeza pesa kidogo juu, usiongeze hadi nusu saa yako iishe. Gimbali za simu za bei ya chini sizihesabu.

Unayo tayari? Kabla ya Ramadhani au Kwaresima ichaji hadi nusu, si hadi mia, uiweke mahali pasipo na joto, na kila baada ya wiki nne uiwashe uone imebaki ngapi.

Ile niliyouziwa bado ninayo. Mota zake tatu ni nzima, sahani ipo, na atakayehitaji vipuri nitampa kwa bei ya kirafiki. Betri yake nimeitoa, na hiyo siiuzi.