Krimu ya ganzi kabla ya kanula: uzoefu wangu na mwanangu, Mtwara

Mwanangu wa miaka minne alikuwa na ngiri ya kinena, ikabidi afanyiwe upasuaji. Kilichoninyima usingizi mimi ni sindano kuliko hata kisu. Aliwahi kulazwa kwa malaria kali, akatafutwa mshipa mkono huu na ule, na tangu hapo akimwona tu mtu wa koti jeupe anajificha kwenye khanga yangu. Sasa ili apewe nusu kaputi kwa njia ya mshipa, lazima kwanza awekewe kanula, yaani kimrija chembamba cha plastiki kinachoingizwa kwa sindano na kubaki ndani ya mshipa, na wakati huo yuko macho kabisa.

Habari za krimu ya EMLA nilizipata kwa mdogo wangu, anafanya kazi duka la dawa Dar es Salaam. Hapa mjini nilizunguka maduka bila kuipata, akanitumia kwa basi. Ni tyubu ndogo ya gramu 5, na ndani mna dawa mbili za ganzi, lidokaini na prilokaini, kila moja asilimia 2.5. Sikuipaka kienyeji. Nilimpelekea kwanza mtaalamu wa usingizi, akauliza uzito wa mtoto na dawa anazotumia. Septrin, ile antibayotiki, aliiulizia kwa jina. Alinieleza kwamba prilokaini inaweza kupunguza uwezo wa damu kubeba oksijeni, na hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja anayetumia dawa kama Septrin. Wenye watoto wachanga, msilipite hili. Pia haipakwi kwenye kidonda.

Alinionesha pa kupaka: migongo ya viganja vyote viwili, ili mshipa mmoja ukigoma, mwingine uwe tayari.

Krimu hii haisuguliwi kama losheni. Unaweka tone nene, unalifunika kwa plasta ya nailoni inayoshika ngozi pande zote, kisha unasubiri saa nzima. Hapa ndipo wengi watailaumu dawa bure, kwa sababu ganzi inapenya ngozi polepole na dakika ishirini hazifiki popote. Tulipaka asubuhi mapema wodini, nikamvika soksi mikononi asizibandue plasta. Kisha ikaingia dharura ya mama mjamzito, zamu yetu ikasogezwa. Nikaingiwa na wasiwasi kwamba ganzi itaisha, lakini nesi akanituliza: hata krimu ikishafutwa, ngozi hubaki na ganzi saa moja hadi mbili.

Plasta zilipotolewa, ngozi ilikuwa imepauka na mishipa imejificha. Hiyo ni kasoro ya kweli ya krimu hii, maana inabana mishipa midogo. Nesi hakuwa na papara. Alifuta krimu, akasubiri kidogo, akampasha mkono kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu mpaka mshipa ukajitokeza.

Nilimpakata, kifua chake kikielekea changu, mkono umepita chini ya kwapa langu. Sikumwambia kwamba hakuna sindano. Nilimwambia atasikia anaguswa na kusukumwa. Alilia walipomfunga mpira mkononi, alilia kweli, kwa sababu woga haupakwi ganzi. Lakini sindano ilipoingia hakuuvuta mkono. Aliniuliza tu, "Mama, ananisukuma nini?" Kanula ilikuwa imeshakaa. Mimi ndiye niliyetokwa na machozi wakati huo, na sioni aibu kuyasema haya.

Kwa kazi ya kuondoa uchungu wa kuchomwa naipa alama zote. Kwa upatikanaji siwezi. Wataalamu wanayo pia njia ya kumlaza mtoto kwa kumvutisha dawa ya usingizi kwa barakoa, kisha kanula ikawekwa akiwa amelala. Muulizeni daktari wenu ipi inamfaa mtoto wenu, na muulize siku ya kupangiwa upasuaji. Mkisubiri mpaka mlangoni mwa thieta, ile saa moja hamtaipata tena.

Ombi langu ni kwa wenye maduka ya dawa Mtwara na Lindi: agizeni hata tyubu chache pamoja na plasta zake. Mama anayetoka Tandahimba au Newala na mtoto mgongoni hana ndugu Dar wa kumtumia kwa basi.