PACK ya Visual FoxPro 9: inasafisha vizuri, ila haina njia ya kurudi

Jedwali la Visual FoxPro, programu ya Microsoft ya hifadhidata, likivimba, wengi hukimbilia PACK, amri yake ya kuondoa rekodi zilizofutwa na nafasi isiyotumika, na kwa kusafisha tunaipa alama nne kwa tano. Kwa usalama, mbili tu.

Tatizo lenyewe mara nyingi haliko kwenye .dbf, faili lenye rekodi za jedwali. DELETE huweka tu alama ya nyota mwanzoni mwa rekodi, nayo inabaki diskini, lakini hilo ni dogo. Mla nafasi ni .fpt, faili la memo, yaani maandishi marefu ya rekodi. Maandishi yake huhifadhiwa kwa bloku, kwa kawaida za baiti 64, na baiti 8 za kwanza za kila memo ni za taarifa zake. Maelezo ya herufi 50 yanaenea kwenye bloku moja. Ongeza herufi 10 uone: zimefika baiti 68, hivyo FoxPro inaiandika memo yote upya mwishoni mwa faili kwa bloku mbili, na ile ya zamani inakaa bure. Programu inayohariri memo zilezile kila siku inaweza kulifikisha .fpt kwenye kikomo cha GB 2 huku .dbf ikiwa bado ndogo.

Hapo PACK MEMO inafaa kweli. Fungua kwa USE wateja EXCLUSIVE, kisha toa amri hiyo; itaondoa nafasi isiyotumika kwenye .fpt bila kuondoa rekodi zilizofutwa. PACK DBF huondoa rekodi zilizofutwa bila kugusa memo, na PACK tupu hufanya yote mawili.

Udhaifu wa PACK ni kwamba inaandika faili la muda kisha inabadilisha lile la asili. Umeme ukikatika katikati, .dbf na .fpt zinaweza kuachana, na .dbf haina maandishi ya memo, ina namba za bloku tu. Kwa hiyo nakili .dbf, .fpt na .cdx (faili la faharasa) kwa pamoja kwanza, na ufanyie kazi kwenye diski ya mashine yenyewe, si kupitia mtandao.

Kwa jedwali huru, yaani lisilo ndani ya .dbc (faili la hifadhidata), tunapendelea SET DELETED ON ili rekodi zilizofutwa zirukwe, SET BLOCKSIZE TO 0 ili bloku ziwe za baiti moja, kisha COPY TO mpya WITH CDX. La zamani linabaki salama hadi ulinganishe idadi ya rekodi. Jedwali lililo ndani ya .dbc usilifanyie hivyo: nakala itapoteza majina marefu ya safu na kanuni zake.

Kosa la 2091, linalosema jedwali limeharibika, PACK hailitibu, maana jedwali halifunguki. Piga hesabu ya .dbf, kwa mfano: kichwa (sehemu ya mwanzo ya faili, inayotaja idadi ya rekodi) cha baiti 488, rekodi 1,000 za baiti 120, na baiti moja ya mwisho, jumla 120,489. Ukubwa wa faili ukiwa huo huku kichwa kikidai rekodi 1,001, fungua nakala kwa kihariri cha heksa (programu ya kuhariri baiti za faili moja kwa moja) na uandike E8 03 00 00, yaani 1,000, kwenye baiti ya 4 hadi ya 7, ukihesabu kuanzia sifuri.