Uzoefu wangu: Kukata rufaa ya fidia ya masikio baada ya jeshi la Marekani

Nimalize ya nyota kwanza: mwakilishi aliyenisaidia nampa 5 kati ya 5. Utaratibu wenyewe nampa 3, na mbili kati ya hizo ni kwa sababu mwishowe nililipwa.

Nilikuwa fundi wa jenereta. Niliingia jeshini kupitia MAVNI, ule mpango uliochukua wahamiaji wanaojua lugha fulani, Kiswahili kikiwemo. Wakenya wengi tulipitia mlango huo. Mwaka 2012 nikawa Bagram, Afghanistan, nashinda katikati ya mitambo inayonguruma. Nilirudi na mlio masikioni, nziiii, kama nyenje wa jioni ambaye hanyamazi hata kukicha.

Mwaka 2021 niliomba fidia kwa idara ya serikali ya Marekani inayohudumia maveterani, yaani wanajeshi wa zamani. Nikaitwa kupimwa na daktari wa kandarasi. Dakika kumi na tano hivi, vipokea sauti masikioni, kisha swali moja: "Ulilalamika zahanati ya kambi?" Nikasema hapana. Nani huko alikwenda kuonekana mlegevu kwa ajili ya mlio? Akaandika kwamba faili langu la matibabu halina malalamiko, basi tatizo halikutokana na jeshi. Barua ya kukataliwa ikafuata sentensi hiyo.

Hapa ndipo nilipokosea. Tangu sheria ya rufaa ilipobadilika Februari 2019 kuna njia tatu, na una mwaka mmodi tangu tarehe ya barua kuchagua. Rafiki yangu aliniambia niombe afisa wa ngazi ya juu apitie upya, fomu 20-0996. Hakuniambia kwamba kwa njia hiyo huruhusiwi kuongeza ushahidi wowote mpya. Afisa alisoma faili lilelile, akakuta maneno yaleyale ya daktari. Nikapigwa tena chini.

Nikiwa na hasira nikapigia simu kampuni moja iliyojitangaza sana. Walitaka nyongeza ya fidia yangu ya miezi mitano wakishinda. Nilipouliza kama wameidhinishwa na serikali kuwakilisha maveterani, maneno yakawa mengi. Nikakata simu. Orodha ya walioidhinishwa iko wazi kwenye tovuti ya serikali, unatafuta jina tu.

Ndipo nikampata mzee mmoja wa chama cha maveterani, aliyepigana Vietnam. Halipishi hata senti. Hakuniuliza habari za masikio kwanza. Alichukua barua, akapigia mstari aya ya sababu kwa kalamu nyekundu, akasema, "Ugonjwa wamekubali. Kelele wamekubali. Kinachokosekana ni kamba ya kuunganisha hivi viwili." Miezi yote ile nilikuwa nikithibitisha kitu ambacho hakuna aliyekibishia!

Basi tukaenda njia ya pili, dai la nyongeza, fomu 20-0995, hiyo inayotaka ushahidi mpya. Mwenzangu tuliyelala hema moja aliandika jinsi nilivyokuwa nikiomba redio iwashwe ili nipate usingizi. Mke wangu akaandika kuhusu feni inayozunguka hadi Januari, theluji nje. Mtaalamu wa masikio akasoma faili lote na kueleza kwa nini mlio unaweza kutokana na kelele hata kama hukuripoti, kisha akamalizia kwamba uwezekano ni angalau nusu kwa nusu. Kipimo cha sheria ni hicho tu, nusu kwa nusu. Mizani ikilingana, anayependelewa ni veterani. Mimi nilikuwa nadhani natakiwa kuthibitisha kama mahakama ya mauaji.

Nilikubaliwa 2023. Mlio hupewa kiwango cha ulemavu cha asilimia 10, uwe wa sikio moja au yote mawili, haizidi: dola 175.51 kwa mwezi kwa viwango vya 2025. Si utajiri. Lakini kwa kuwa kila mara nilikata rufaa kabla mwaka haujaisha, malimbikizo yalihesabiwa tangu ombi la kwanza la 2021. Ningechelewa siku moja, tarehe ile ingepotea.

Sasa tunashughulikia pumu. Kwa sheria ya PACT ya Agosti 2022, sisi tuliovuta moshi wa mashimo ya kuchomea taka Afghanistan hatudaiwi tena ile kamba, mradi pumu iligunduliwa baada ya kutoka jeshini. Mzee ameshaniuliza kama natumia dawa ya kuvuta kila siku au mara mojamoja, maana ya kila siku inafika asilimia 30. Na 30 na 10 kwao ni 37, wanaipandisha iwe 40. Usiniulize hesabu hiyo walifundishwa wapi.