Nyangumi wa asubuhi Kigamboni: safari mbili, manahodha wawili

Mwaka jana nilirudi kutoka kuangalia nyangumi nikiwa na uchungu moyoni. Mwaka huu, Jumamosi moja ya Agosti, nimekwenda tena na watu wengine, nikarudi na mtoto ambaye mpaka leo kabla ya kulala anaiga sauti aliyoisikia kwenye sakafu ya boti. Nimeona niandike habari za safari zote mbili. Watu wa Dar wananiuliza kama kweli hapa kwetu kuna nyangumi, na wakishaamini wanauliza bei. Bei nitaitaja, lakini ulizeni kwanza habari za nahodha.

Nyangumi wapo. Wanaopita kwetu ni nyangumi wenye nundu, na kwao ni kule kwenye maji ya barafu ya Antaktika, kusini kabisa mwa dunia. Ikifika Julai wanakuwa wamepanda hadi huku kwa njia ya pwani ya Msumbiji, na wanaonekana kwetu mpaka Oktoba hivi. Mkubwa wao ana urefu wa mita 13 hadi 16, yaani Coaster mbili zilizofuatana foleni ya Buguruni, na uzito wake ni tani 30 hivi. Huko kwenye baridi ndiko kwenye chakula, wanajaza tumbo kwa krili, viumbe vidogo mfano wa uduvi wetu. Huku wanakuja kupandana na kuzaa, kwa sababu mtoto anazaliwa na mafuta machache mwilini na yale maji ya barafu yangemtesa. Mama akiwa huku, ni kama hali kitu. Ananyonyesha kwa akiba ya mafuta aliyokuja nayo, na akiba hiyohiyo ndiyo ya kumrudisha kusini na mtoto ubavuni. Naomba msomaji aliweke hili kichwani, maana ndilo lililonifanya nikasirike mwaka jana.

Safari ya mwaka huu ilikuwa iwe Alhamisi. Jumatano jioni nahodha akanipigia simu: "Dada, kesho upepo wa kusi utakuwa na nguvu, na una mtoto. Tusogeze Jumamosi, maji yatakuwa mafu na upepo utapungua." Alikuwa ameshaangalia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, na ameshahesabu mwezi kujua siku za maji mafu, yaani yasiyopanda na kushuka sana. Malipo ya kwanza nilikuwa nimeshatuma, na angeweza kunipeleka tu nikatapike huko, nirudi, mambo yaishe. Simu ile ndiyo iliyonipa imani.

Tuliondoka Tabata saa kumi na robo alfajiri, mimi, mwanangu wa darasa la tano na shemeji yangu. Tukavuka Daraja la Nyerere gizani, tukashika barabara ya kuelekea Kimbiji. Sababu ya kwenda upande huo ni kwamba kilindi hakiko mbali na pwani, huhitaji kukimbia na boti saa nzima ndipo ufike kwenye maji ya nyangumi. Na sababu ya kuondoka mapema ni upepo: asubuhi kusi linakuwa bado limelala, likishafika saa nne au saa tano linaamka na bahari inachafuka. Mkiambiwa safari inaanza saa tatu, kataeni.

Ufukweni kulikuwa na baridi. Wanaodhani Dar hakuna baridi hawajasimama mchangani mwezi wa nane kabla jua halijatoka, miguu imelowa, upepo unatoka baharini. Maji yenyewe si ya baridi, ni nyuzi 25 hivi, lakini ukirushiwa yale matone boti ikiwa mbioni unatetemeka. Shemeji alikuja na fulana tu. Nilimpa kitenge changu, akajifunika mpaka tunarudi.

Boti ni ya faiba, injini mbili, abiria wanane. Hapa nataka niseme habari ya makoti ya kuokolea, kwa sababu ndipo ninapoanza kumpima mtu. Kulikuwa na la mtoto, saizi ya mtoto kweli, si la mtu mzima lililokazwa kamba. Baharia alipiga goti mchangani, akamvalisha mwanangu, akapitisha mkanda katikati ya miguu, akafunga kifungo, kisha akashika koti kwenye mabega na kulivuta juu kwa nguvu kuona kama litamvuka kichwani. Halikutoka. Akarudia hivyohivyo kwa kila abiria, wakiwemo wawili waliosema wanajua kuogelea. Hakuna aliyepanda kabla ya hapo.

Tulitoka saa kumi na mbili na dakika arobaini, jua linachomoza. Ukishapita mwamba maji yanabadilika rangi mara moja, kutoka kijani mpaka buluu nzito inayokaribia weusi, na boti inaanza kupanda na kushuka na mawimbi marefu ya kusi. Wenye tumbo jepesi wakae shetri, yaani nyuma karibu na injini, huko mrusho ni mdogo. Omo, yaani mbele ya boti, panapendeza kwa macho lakini ndipo panaporuka. Mimi nilikuwa nimetafuna tangawizi mbichi na mkate mkavu tangu nyumbani, na mwanangu vilevile, tukawa salama. Shemeji alikunywa chai ya maziwa.

Saa mbili kasoro robo baharia aliyesimama omo akanyoosha mkono: "Anapuliza!" Nikatazama nisione kitu, kisha nikauona ule moshi wa maji, umesimama sekunde mbili tatu juu ya bahari, ukapeperushwa na upepo. Halafu mwingine pembeni yake, mdogo, kama mtu amepuliza unga kiganjani. Mama na mtoto.

Nahodha hakukimbilia. Alipunguza mwendo, akazunguka kwa mbali mpaka tukawa ubavuni mwao, tunaelekea wanakoelekea, si nyuma yao wala mbele yao. Tulipobakiza kama urefu wa uwanja wa mpira, akaondoa gia. Boti ikawa inayumba tu. Mtoto alikuwa anaibuka kila baada ya dakika chache, maana hawezi kubana pumzi muda mrefu. Mama anakaa chini hata robo saa na zaidi, kisha anapanda polepole kama kisiwa kinachoota. Pumzi yake niliisikia kwa masikio yangu, nzito, kama tairi la lori linalotolewa upepo. Kidevuni kulikuwa na magamba meupe yameganda, yaleyale tunayoyaona chini ya mashua zilizokaa sana majini. Alipozama aliinua mkia wote juu, maji yakawa yanamiminika kwenye kingo zake, na chini ya mkia kulikuwa na mabaka meupe. Baharia akapiga picha akamwambia mwanangu kwamba mabaka yale ni kama alama za vidole, hakuna nyangumi wawili wanaofanana, na ndivyo wataalamu wanavyomtambua yuleyule akionekana tena mahali pengine.

Mama mmoja aliyekuwa nasi akasema, "Nahodha, sogea kidogo basi, nimelipa hela yangu, picha hazionekani." Nahodha akamjibu kwa upole, "Mama, huyu ananyonyesha. Nikimsogelea atazama aende zake, na wewe utakosa hata hiki ulichokipata. Tutulie. Akitaka atakuja mwenyewe." Tukatulia. Na kweli, baada ya kama dakika kumi, mtoto ndiye aliyekuja. Alikata upande wetu, akajigeuza ubavu, akainua pezi lake lote hewani, refu kama theluthi ya mwili wake, akalipiga majini, pwaa! Akarudia. Yule mama wa picha alishusha simu, akaweka mkono mdomoni, machozi yanamtoka. Mama nyangumi akapita katikati yetu na mwanawe, taratibu, bila fujo, akamrudisha.

Nusu saa ilipotimia nahodha akawasha injini tukaondoka, ingawa walikuwa bado wapo. Alisema hakai zaidi ya hapo na mwenye mtoto.

Tulikwenda mbele zaidi kilindini, akazima injini zote mbili. Baharia akachukua kasia la mti, akazamisha ubapa wake majini, akaweka sikio kwenye mpini. Akafumba macho. Kisha akamwita mwanangu: "Njoo mdogo wangu, lala hapa, weka sikio sakafuni." Mtoto akalala kifudifudi kwenye faiba iliyolowa, shavu chini. Nilimwona macho yakimtoka. "Mama, kuna mtu anaimba chini." Nikapiga magoti nikaweka sikio langu. Ilikuwa hafifu lakini haikuwa ya kubahatisha: mguno mrefu unaoshuka, kama mlango mzito wa Kizanzibari unafunguliwa polepole, halafu mlio wa juu wa kupanda, mara mbili, halafu kimya, halafu mguno tena. Wanaoimba ni madume. Wimbo mmoja unaweza kuchukua dakika kumi mpaka ishirini, kisha anaanza upya, na madume wa eneo moja wanaimba wimbo ule ule, unaobadilika kidogo kidogo kadiri misimu inavyopita. Tulikaa pale bila injini, watu wanane wamelala chini ya boti kama wanasali, na hakuna aliyesema neno.

Nahodha alituambia baba yake alivua maji yaleyale miaka ya sabini na alikuwa akiwaona kwa nadra sana, jambo linaloingia akilini. Nyangumi hawa waliwindwa huko kusini kwa meli za viwanda mpaka wakabaki wachache. Walipigwa marufuku kuvuliwa kusini mwa ikweta mwaka 1963, meli za Urusi ya Kisovyeti zikaendelea kuwavua kwa siri, Bahari ya Hindi ikatangazwa hifadhi ya nyangumi mwaka 1979, na marufuku ya uvuvi wa biashara wa nyangumi wote ikaanza kazi mwaka 1986. Hawa tunaowaona leo ni watoto na wajukuu wa walionusurika.

Sasa mwaka jana. Sitawataja, wala hawakuwa wa upande huu wa Kigamboni. Tangazo lao lilikuwa na picha ya samaki mwenye madoadoa meupe mgongoni, na mimi nikalipa bila kushtuka. Yule ni papa potwe, ni samaki, anapumua kwa mashavu, na kumwona ni Mafia kuanzia Oktoba mpaka Machi. Mtu anayeuza safari ya nyangumi na hajui tofauti hiyo ni wa kuepukwa. Tulitoka saa tatu na nusu, makoti yamefungwa kwenye gunia chini ya kiti, tukaambiwa "mtayavaa tukihitaji". Tulimkuta mama na mtoto, na nahodha akawafukuza. Kila mtoto alipoibuka kuvuta pumzi, boti ilikuwa juu yake, injini inanguruma, abiria wanapiga kelele na simu mkononi. Walikuwa wakizama, tunawafuata. Dakika arobaini. Mara ya mwisho yule mtoto alivuta pumzi moja tu akazamishwa na mama yake. Nilimwomba nahodha aache, akaniambia wageni wamelipa. Ninapokumbuka kwamba mama yule hali kitu, anaishi kwa mafuta ya mwilini, na kila mbio tulizomkimbiza zilikata kwenye maziwa ya mwanawe na kwenye nauli yake ya kurudi kusini, bado inaniuma. Nilikuwa ndani ya boti ile.

Turudi kwa hawa wa mwaka huu, maana nao wana kasoro. Kwenye boti hakuna kivuli wala choo, kwa saa nne, na hili kwa wanawake na watoto si jambo dogo, wangetuambia mapema. Chai waliyoahidi ilifika ufukweni ikiwa imepoa na vitumbua vilikuwa vya jana. Kupanda na kushuka ni kwa kuingia majini mpaka mapajani, kwa hiyo mzee au mwenye tatizo la magoti asaidiwe, na sikuona mpango wowote wa hilo. Nililipa shilingi 150,000 mimi na shemeji kila mmoja, mtoto 80,000. Si kidogo. Lakini walisema wazi tangu mwanzo kwamba nyangumi si wa kufugwa, mnaweza msimwone, na msipomwona mnarudi siku nyingine kwa nusu bei. Yule wa mwaka jana alituhakikishia asilimia mia.

Mkipiga simu kuulizia, yeyote mtakayempata, muulizeni anakaa umbali gani na mwenye mtoto, na kwa muda gani. Akisita, au akijibu "tunawapeleka karibu kabisa", kateni simu. Muulizeni kama ana koti la mtoto na bahari ikichafuka anafanyaje. Chukueni sweta na nguo ya kubadilisha, kofia ya kufunga kidevuni, mfuko wa plastiki wa simu. Tangawizi msisahau.

Tuligusa mchanga saa tano kasoro, kusi limeshaamka, mawimbi yameanza kuwa meupe vichwani. Mwanangu alimshika baharia mkono akamuuliza wale wawili wataondoka lini. Akaambiwa mtoto akishapata mafuta ya kutosha, mwezi wa kumi hivi, mama atamwonyesha njia. Mwakani tunarudi, Julai mwishoni, na nimeshaanza kumwekea akiba mama yangu. Amekaa Dar miaka arobaini na hajawahi kuwaona.