Uanachama wa vyama vya makocha wa tenisi: kinachofika Mtwara na kinachobaki ng'ambo

Kuna vitu viwili makocha wa huku Kusini huvichanganya. ITF Academy si chama. Ni jukwaa la mafunzo la Shirikisho la Kimataifa la Tenisi, limeanza 2019, na kufungua akaunti ni bure. Chama ni kile unachokilipia ada kila mwaka, kama PTR (Professional Tennis Registry), kilichoanzishwa na Dennis Van der Meer huko Marekani mwaka 1976. Kinakupa ngazi ya ukocha, cheti na jina lako kwenye orodha ya makocha. Nimevitumia vyote viwili nikiwa Mtwara, na ushauri wangu ni mmoja: usitoe hata shilingi kabla hujamaliza vya bure.

Anza na kozi ya kuwalinda watoto iliyomo ITF Academy. Wengi huiruka kwa sababu haifundishi mapigo ya fohendi wala bekihendi, kumbe ndiyo inayofungua mageti. Mwalimu mkuu hajui tofauti ya ngazi za ukocha, ila akiona karatasi inayosema umefunzwa kulinda watoto, mazungumzo yanabadilika. Nakala nyingine mpelekee afisa michezo wa halmashauri. Jisajili kwa majina yaleyale ya kitambulisho cha NIDA, kwa mpangilio uleule. Cheti hutolewa na mfumo wenyewe, hivyo ukiandika jina la utani la uwanjani, ndilo litakalochapwa. Video zifungue usiku, mtandao ukiwa umetulia.

Faida ya pili ni vipimo, na hapa ndipo nilipoona thamani hasa. Tangu 2012 kanuni za ITF haziruhusu mpira wa kawaida wa njano katika mashindano ya watoto wa miaka 10 kushuka chini. Kuna mpira mwekundu, wa chungwa na wa kijani. Mwekundu unakwenda polepole kwa asilimia 75 hivi kuliko wa kawaida, na uwanja wake una urefu wa mita 11 kwa upana wa mita 5.5, neti sentimita 80. Chukua sasa uwanja wa saruji wa kikapu wa shule, mita 28 kwa 15. Viwanja vyekundu unavilaza kwa upana wa ule wa kikapu, kila ncha inabaki na mita 2. Kwa hesabu tupu vinaingia vinne vyenye nafasi ya mita 2 katikati, lakini raketi zitagongana na wa pembeni watatoka nje ya saruji. Chora vitatu. Watoto 12 wanacheza wawili kwa wawili kwa wakati mmoja, kwa chaki na kamba ya nailoni iliyokazwa kati ya viti. Anayewapa watoto wa miaka saba mpira wa njano kwenye uwanja mzima hawafundishi tenisi, anawafundisha kuokota mipira.

Ngazi za ukocha za ITF zenyewe ni habari nyingine. Kozi ya kufundisha wanaoanza na wa kati hupitia chama cha taifa, kwa hapa TTA (Chama cha Tenisi Tanzania), na ina sehemu ya ana kwa ana. Ukiitwa Dar es Salaam, kutoka Mtwara ni zaidi ya kilomita 550 za barabara. Kwenye bajeti weka nauli, malazi na chakula kwanza, ada baadaye. Uliza mapema kama kuna mtihani wa kucheza, maana kujua kufundisha hakukusaidii kama huwezi kulisha mipira, yaani kumpelekea mwanafunzi aipige, 20 mfululizo mahali palepale.

Sasa uanachama wa kulipia. Punguzo la raketi na nyuzi lisikuvutie, litamezwa na usafirishaji na ushuru wa forodha. Bima ndiyo inayowapumbaza watu zaidi. Bima za vyama vya Marekani kwa kawaida huandikwa kwa ajili ya makocha wanaofundishia Marekani. Tuma barua pepe yenye swali moja: mazoezi yanayofanyika Tanzania yamo? Jibu lisipoitaja Tanzania kwa jina, hesabu huna bima, kaongee na wakala wa bima wa hapahapa.

Kinachobaki ni cheti cha ngazi na orodha ya makocha. Kwa anayetafuta kazi hotelini Zanzibar au klabu za Dar, ada inalipa. Kwa anayefundisha watoto wa Shangani au Mikindani za hapa Mtwara tu, mwaka wa kwanza hailipi. Pesa hiyo inunue mipira myekundu.

Ukiamua kulipa, tumia kadi ya mtandaoni ya pesa za simu na uache salio linalozidi ada kidogo, kwa sababu dola inaweza kupanda kati ya siku unayoangalia bei na siku ya kukatwa. Zima malipo ya kujirudia. Na kama wazazi wa watoto unaowafundisha ni wakulima, jiunge Novemba au Desemba, fedha za korosho zikiwa zimeshalipwa, ili ada ya mwaka unaofuata isikudondokee mwezi wa Mei wakati hakuna mtoto aliyelipia mazoezi.