Dawa ya rimu inayogeuka zambarau: nimeshaitumia mara nne

Rimu za gari langu ni za aloi, rangi ya fedha, zenye mikono kumi myembamba. Aliyezibuni bila shaka hajawahi kuziosha. Gari nililinunua likiwa limetumika, na rimu mbili za mbele zilikuwa zimeshageuka hudhurungi, hasa kwenye kona za ndani na kuzunguka nati. Sabuni ya gari haikufua dafu. Mafuta ya taa yaliondoa vidoa vya lami tu. Stiliwaya (najua, nisamehewe) iliniachia mikwaruzo ambayo mpaka leo nikiinama naiona.

Nilikuwa napigana na adui nisiyemfahamu. Vumbi la breki si vumbi la barabarani. Kila ukikanyaga breki, pedi na diski vinasagana, na diski ni ya chuma. Chembe zinaruka zikiwa za moto, zinajipachika kwenye klia ya rimu (ile rangi angavu ya juu inayoilinda), kisha zinashika kutu humo humo. Ndiyo maana hata baada ya kuosha ukipitisha kidole unahisi msasa. Magurudumu ya mbele huchafuka zaidi kwa sababu ukifunga breki uzito wa gari hukimbilia mbele, na breki za huko ndizo zinazobeba kazi kubwa.

Dawa niliyonunua ni ya chupa ya kupulizia, nusu lita, isiyo na asidi. Mara ya kwanza niliitumia jioni, kivulini, rimu zimepoa kabisa. Nikaosha kwa sabuni, nikasuuza, nikapuliza. Kimya. Nikaanza kujuta. Dakika ya pili michirizi ya zambarau ikaanza kuteremka kutoka kwenye nati, kisha rimu nzima, na binti yangu akapiga kelele: "Mama, tairi linatoka damu!"

Halafu ikaja harufu. Yai viza, na nyuma yake kitu nilichokijua ila sikukumbuka ni cha wapi. Nikasoma kibandiko: thioglikoleti. Saluni! Ni kemikali za ukoo mmoja na dawa ya kukunja nywele niliyowahi kuwekewa kichwani kwa hiari yangu. Huku kwenye rimu inakamata chuma na kukigeuza kitu kinachosuuzika kwa maji. Ile zambarau ni rangi ya chuma kilichokamatwa. Vaa glavu, na simama upepo unakotokea.

Je, inafanya kazi? Uso wa rimu ulisafika mara ile ile ya kwanza, kwa brashi laini na dakika nne hivi za kungoja. Kona za nati zilihitaji kurudiwa. Sehemu ya ndani, ile inayotazama diski, ilinyanyasa mpaka mara ya tatu. Kwenye rimu ya pili nilipigiwa simu, nikazungumza mno, dawa ikakauka na kuacha michirizi. Ilibidi nipulize upya ndipo nisuuze. Kosa langu, si la dawa.

Lawama zangu kwa dawa ni mbili. Kwanza, inanyweka: nusu lita ilimaliza magurudumu manne na kubaki kidogo chini ya chupa. Pili, kibandiko kinaahidi "uchafu wote", na hilo si kweli. Vidoa vyeusi ambavyo havikugeuka zambarau vilikuwa lami, vikataka dawa yake. Na pale klia ilipokuwa imeshapasuka, kukaingia alama nyeupe kama njia za minyoo, hakuna cha kupuliza. Hapo ni kukwangua na kupaka rangi upya.

Hata hivyo siwezi kwenda kwenye asidi. Nimewahi kuona rimu iliyooshwa nayo: iling'aa vizuri, kisha ikabaki na mabaka yaliyofifia ambayo hayakutoka tena. Dawa za rimu zenye asidi ya haidrofloriki hupenya ngozi na kuumiza mpaka ndani, wakati mwingine bila maumivu ya kukuonya mapema. Kwa rimu tu? Hapana.

Siku hizi naosha kwa sabuni kila wiki, kwenye ndoo yake peke yake, maana chembe zile zikiingia kwenye sponji ya bodi zitakwaruza rangi. Baada ya usafi mkubwa nilipaka nta, na vumbi sasa linatoka kirahisi. Dawa naitoa kila baada ya miezi kadhaa. Nikimaliza naendesha taratibu na kukanyaga breki mara chache zikauke. Kutu nyepesi inayoota kwenye diski baada ya kulowa huondoka hapo hapo.

Jumamosi iliyopita binti yangu alivuta kigoda kuja kuangalia damu. Nilipuliza rimu ya nyuma, tukangoja dakika tatu nzima, ikabaki vile vile, rangi ya fedha. Akanuna, akarudi ndani na kigoda chake.