Webmin: tulivyoacha kugawana paswedi ya root

Mi Webmin, ile programu ya kusimamia seva ya Linux kwa kubonyeza kwenye brauza, naitumia tangu seva ya ofisi ilipohamia Ubuntu (aina mojawapo ya Linux) na niseme ukweli naipenda, ni bure, unaifungua poti 10000, lile onyo la cheti unalipita mara ya kwanza unaendelea na kazi zako. Shida tulikuwa sisi wenyewe. Ubuntu inakuja root, ile akaunti kuu yenye mamlaka yote, ikiwa imefungwa, sisi tukaenda kuiwekea paswedi, paswedi ikaandikwa kwenye kikaratasi kikabandikwa chini ya kibodi, watu wanne wote tunaingia kama root. Siku moja naamka asubuhi saiti haipo hewani, kuna mtu kazima Apache, programu inayoiweka saiti hewani, usiku. Nafungua Webmin Actions Log, ile sehemu inayoandika nani kafanya nini, kila mstari root, root, root. Kuuliza, kila mtu alikuwa kalala.

Basi nikasema kila mtu aingie kwa jina lake. Njia nyepesi ndo niliyoanza nayo: mtu ambaye sudo, ile amri ya kuazima nguvu za root, inamruhusu amri zote, Webmin inamkubali kwa jina lake na paswedi yake ya Linux, akishaingia anakuwa na nguvu zote za root. Hiyo ni mipangilio ya kuwasha na kuzima, kwangu nilikuta imeshawashwa. Kumwingiza mtu ni sudo usermod -aG sudo na jina lake, wale wa Rocky Linux na ndugu zake grupu lao ni wheel.

Ila wakuu hiyo -a msiisahau aisee. Mi nilijiandikia usermod -G www-data (grupu la Apache) kwenye akaunti yangu mwenyewe bila hiyo a, ikanitoa magrupu mengine yote pamoja na sudo, kesho yake nalogini Webmin inanikataa, terminali nayo sudo haitaki kunisikia, na kile kikaratasi hakikusaidia kitu maana paswedi ya root nilishaibadilisha kwa mbwembwe na nimeisahau. Jumapili nzima niko ofisini naiokoa seva kwa kibodi ya kuazima.

Sasa kuna dogo wa tovuti, yeye kazi yake ni Apache na MySQL (hifadhidata) tu, kumtia kwenye sudo ni kumkabidhi nyumba nzima wakati kaomba ufunguo wa stoo. Huyo nilimtengenezea mtumiaji ndani ya Webmin Users, paswedi nikachagua ile ya Unix asihangaike na mbili, nikatiki moduli, yaani zile sehemu za Webmin, anazohitaji. Hapo Webmin inapata maksi zangu zote, unaweza hadi kumfungia mtu aingie kutoka IP fulani tu.

Ila dogo akaomba na Cron, ile ya kupanga kazi zijiendeshe kwa ratiba, bakapu zake zijiendeshe usiku, nami nikatiki bila kufikiria. Wiki ikapita ndo najiuliza, hivi huyu si anaweza kuandika kazi ya cron ikaendeshwa kwa jina la root? Nikajaribu kwa akaunti yake, yeye mwenyewe kakaa pembeni anaangalia, tukaandika kakazi kamoja ka kuunda faili ndani ya /root, dakika ikafika, faili hilo hapo. Dogo akacheka, mi sikucheka. Kumbe kutiki moduli ni nusu ya kazi, lazima ubonyeze jina la moduli umwekee mipaka, kwenye Cron nikaacha ahariri kazi zake mwenyewe basi. Meneja ya mafaili nayo iangalieni hivohivo, na moduli ya Webmin Users usimpe mtu usiyemwamini kabisa maana atajitikia yote yaliyobaki.

Ninachoilalamikia ni hicho tu, orodha ya moduli ni ndefu na mi sijaona sehemu inayokwambia hii ukimpa mtu umempa root.

Root nimeshaifunga tena kwa passwd -l root, logi inaonyesha majina ya watu. Aliyezima Apache usiku ule hadi leo hajajitaja.